Wanasoma au Wanahudhuria? Uhakiki wa Tathmini za Mipango ya Kuwasaidia Wanafunzi wa Vyuo katika Usomaji

UTANGULIZI

Ni vigumu siku hizi kupata chuo kikuu kisichokuwa na mpango wa aina fulani wa kuwasaidia wanafunzi wanaolemewa na usomaji. Pengine mpango huo huitwa kituo cha usomaji, pengine kozi ya stadi za mawasiliano, na pengine hauna jina lolote ila ni chumba kimoja chenye meza, viti na wanafunzi wachache wa mwaka wa tatu au wa nne wanaolipwa ujira mdogo ili wawaelekeze wadogo zao. Mipango hii husifiwa sana. Husifiwa na wakuu wa vyuo wanapowaandikia wafadhili, husifiwa na wale wanaoiendesha, na aghalabu husifiwa hata na wanafunzi wenyewe. Kilicho adimu ni uhakiki wake. Sisi walimu wa lugha, ambao kazi yetu ni kuhakiki riwaya, tamthilia, mashairi na sarufi zilizoandikwa na wenzetu, tumeyaacha maandishi ya aina moja yapite mbele yetu bila kuulizwa swali. Maandishi hayo ni ripoti za tathmini.

Makala haya yananuia kuzihakiki tathmini hizo. Hoja yangu ni kwamba nyingi kati yake hupima mahudhurio na kuyaita usomaji, au hupima alama za mtihani na kuziita ufahamu. Kosa hili si la hesabu peke yake. Linatokana na kutoulizwa kwa swali la awali, yaani, kusoma ni nini, na tutajuaje kwamba mtu amesoma? Nitaanza na neno lenyewe katika lugha yetu. Kisha nitatazama mifano mitatu ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko mipango hii ilikoandikiwa zaidi, na ndiko mimi mwenyewe nilikowahi kuitumikia nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Hatimaye nitarudi nyumbani, ambako jambo hili linatuhusu kwa namna ya pekee.

KUSOMA NA CHUO

Neno kusoma katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Mtoto anayetamka herufi ubaoni anasoma. Anayehitimisha msahafu amesoma, hata kama maana ya Kiarabu anachokitamka bado haijamfungukia. Kijana aliyepata nafasi ya masomo anasoma Nairobi au Maseno, na hapa hatuulizi kama amefungua kitabu chochote wiki hii. Neno chuo nalo lina safari yake. Zamani lilikuwa na maana ya kitabu. Likaja kuwa mahali pa kufundishiwa kitabu, yaani chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Ndipo likapandishwa daraja kuwa chuo kikuu. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo, kwa asili ya neno, ni mtu wa kitabu.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba pwani ya Afrika Mashariki imekuwa kwa muda mrefu na utaratibu wake wa kumsaidia msomaji wa maandishi ya lugha ngeni. Utaratibu huo ni darsa. Msikitini, sheikh hufungua kitabu cha Kiarabu, akasoma fungu dogo, akalifasiri na kulieleza kwa Kiswahili, kisha akaendelea na fungu linalofuata. Wasikilizaji wengine wana nakala zao mikononi, wengine wana masikio yao tu. Swali likizuka huulizwa kwa Kiswahili na hujibiwa kwa Kiswahili, na kitabu chenyewe hubaki katika Kiarabu chake. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza, hakuna anayeketi katika darsa akaitwa msomaji dhaifu. Mfanyabiashara, mvuvi na mwanachuoni huketi mkeka mmoja. La pili, lugha ya wasikilizaji haionekani kuwa adui wa kitabu bali ni ngazi ya kukifikia. Nitayarudia yote mawili, na nitaonyesha pia kwamba ngazi hii ina hatari yake.

HARVARD: SURA ISIYO NA KUSUDI

Mfano wa kwanza ni wa Harvard. Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mafunzo ya usomaji katika vyuo vya Marekani yaliandamana sana na filamu na mashine za kuliharakisha jicho. Iliaminiwa kwamba mwanafunzi anayeshindwa ni yule anayesoma polepole. Harvard pia ilikuwa na kozi ya namna hiyo, na hapo mwanzo jina lake lilitangaza kwamba ni ya kurekebisha kasoro. Waliojiandikisha walikuwa wachache. Neno la kurekebisha lilipoondolewa katika jina, kozi ikafurika mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi wa sheria na hata walimu wao. Mtu mwenye akili zake hakubali kwenda mbele ya watu akiwa amebandikwa kasoro kifuani. Lakini akiambiwa tu kwamba hapa panasomwa, atakuja.

William G. Perry, aliyeongoza ofisi ya ushauri wa masomo chuoni hapo, alichapisha mwaka 1959 taarifa ambayo kila mtathmini angepaswa kuisoma kabla ya kushika kalamu. Wanafunzi wapatao 1500 wa mwaka wa kwanza walipewa sura ya kitabu cha historia yenye kurasa 30 hivi, wakaambiwa waisome kama ambavyo wangeisoma kwa ajili ya masomo yao. Baadaye waliulizwa maswali ya kuchagua jibu kuhusu mambo madogo madogo waliyoyapitia, nao wakajibu vizuri sana. Kisha wakaombwa waandike kwa maneno machache sura hiyo ilikuwa inahusu nini. Walioweza kufanya hivyo ni mmoja katika kila mia. Muhtasari wa sura ulikuwa umewekwa mwishoni, lakini wengi walikuwa wameanza mstari wa kwanza na kwenda mbele kwa utiifu bila kujiuliza wanatafuta nini.

Umuhimu wa taarifa hii kwa mada yetu ni mkubwa. Hawa hawakuwa wanafunzi waliokosa lugha. Walikuwa miongoni mwa waliochujwa kwa makini zaidi katika nchi yao, na kitabu kilikuwa katika Kiingereza chao. Kasi haikuwa tatizo lao, wala msamiati. Tatizo lilikuwa kusudi. Licha ya hayo, kama Perry angekomea kwenye maswali ya kuchagua jibu, angeripoti kwamba mambo ni mazuri. Kipimo kibaya hakikosei tu. Hukosea huku kikitupa furaha.

MISSOURI: KOZI NGUMU, SI WANAFUNZI WAGUMU

Mfano wa pili ulianza mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, chini ya Deanna Martin. Fikra yake ilikuwa nyepesi na nzuri. Badala ya kuwatafuta wanafunzi walio hatarini, zilitafutwa kozi zilizo hatarini, yaani zile ambazo asilimia 30 au zaidi ya wanafunzi hupata alama duni, hushindwa au hujiondoa. Kila kozi ya namna hiyo ilipewa mwanafunzi mwelekezi, mtu aliyeipita kozi hiyo vizuri siku zilizopita. Mwelekezi huyo huhudhuria mihadhara upya, huandika dondoo kama wengine, kisha huongoza vikao vya kudurusu mara kadhaa kwa wiki. Vikao ni vya hiari na viko wazi kwa wote, wakali na wazito. Mwelekezi hatakiwi kuhadhiri. Hutakiwa kuuliza, kurudisha swali kwa kundi, na kuonyesha jinsi msomaji mzoefu anavyokishika kitabu.

Kwa mpango huu aibu iliyowakimbiza wanafunzi wa Harvard iliondolewa, kwa maana hakuna aliyetajwa kuwa na kasoro isipokuwa kozi yenyewe. Mwaka 1981 wizara ya elimu ya Marekani iliutambua kuwa mpango wenye matokeo yaliyothibitishwa, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi, Uingereza na Afrika ya Kusini zikiwamo. Ushahidi uliotolewa ulikuwa kwamba waliohudhuria walipata wastani wa juu kuliko wasiohudhuria, na wachache wao walishindwa au kujiondoa.

Hapa ndipo mhakiki anapaswa kusimama. Anayekuja kwenye kikao cha hiari saa kumi na moja jioni, baada ya mihadhara ya siku nzima, si sawa na yule aliyekwenda zake bwenini. Huenda angefaulu hata kama chumba kingefungwa. Tunalolipima basi laweza kuwa bidii aliyokuja nayo, wala si msaada aliopewa. Kwa haki yao, waanzilishi wa mpango huu waliliona jambo hili mapema. Walilinganisha matokeo ya awali ya makundi hayo mawili. Na zaidi ya hayo, waliwatenga wale waliosema kwamba walitamani kuhudhuria lakini ratiba haikuwaruhusu. Kundi hili la waliotaka wasiweze ni mzani bora kuliko kundi la wasiotaka kabisa. Si mzani kamili, lakini ni alama ya watu waliojishuku, na mtu anayejishuku ndiye anayefaa kutathmini. Cha kusikitisha ni kwamba wengi waliouiga mpango huu waliiga vikao wakauacha mzani. Wameendelea kulinganisha waliokuja na wasiokuja, na kutangaza ushindi.

Kuna kasoro ya pili, na hii haikuondolewa hata kule ulikoanzia. Kipimo cha mwisho ni alama ya kozi. Alama yaweza kupanda kwa sababu mwanafunzi sasa anajua kusoma, lakini yaweza pia kupanda kwa sababu mwelekezi, aliyeufanya mtihani huo mwaka uliopita, anajua mhadhiri hupenda kuuliza nini. Katika hali hii ya pili mwanafunzi amepata kozi na hakupata usomaji. Muhula unaofuata, akikutana na kitabu kingine na mhadhiri mwingine, ataanza upya kana kwamba hakufundishwa lolote.

NEW YORK: NANI AULIZWE, NA LINI?

Mfano wa tatu una uchungu zaidi. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango yake kwa kila aliyehitimu shule ya sekondari ya jiji hilo. Wakaingia kwa maelfu vijana ambao wazazi wao hawakuwahi kuota chuo kikuu, wakiwamo Wamarekani Weusi, watu wa asili ya Puerto Rico na watoto wa wafanyakazi Wazungu. Wengi hawakuweza kuandika wala kusoma kwa namna ambayo wahadhiri waliizoea, na wapo wahadhiri waliotamka kwamba hawafundishiki.

Mina Shaughnessy, aliyeongoza mafunzo ya uandishi katika mojawapo ya vyuo hivyo, alifanya jambo ambalo mwanaisimu yeyote atalitambua kuwa ni la kitaaluma. Alichukua insha zipatazo 4000 za wanafunzi hao akazisoma kama vile sisi tunavyosoma data ya lahaja isiyowahi kuandikwa. Katika kitabu chake Errors and Expectations cha mwaka 1977 alionyesha kwamba makosa yao yana utaratibu. Kwamba kila kosa lina mantiki yake. Na kwamba mwanafunzi huyu ni mwanagenzi wa aina fulani ya maandishi, si mtu asiye na akili. Katika makala aliyoitoa mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, aliligeuza swali la maendeleo likamwelekea mwalimu. Ni mwalimu, alidai, anayepaswa kupiga hatua, kuanzia pale anapowaona wanafunzi hawafai hadi pale anapokubali kuwa yeye pia ana la kujifunza kutoka kwao. Shaughnessy alifariki mwaka 1978.

Mlango ule haukubaki wazi jinsi ulivyokuwa. Mwaka 1976, jiji lilipoishiwa na fedha, wanafunzi walianza kutozwa karo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bodi ya chuo iliamua kwamba masomo ya msaada yaondolewe katika vyuo vyake vya miaka minne. Miongoni mwa hoja zilizotumiwa ni kwamba waliohitimu kwa wakati walikuwa wachache. Lakini wanasosholojia Paul Attewell na David Lavin waliwafuata wanawake walioingia kupitia mlango ule mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo. Takriban miaka 30 baada ya kuingia chuoni, wengi wa wanawake hao walikuwa wamehitimu. Walikuwa wamechukua miaka mingi, wakiacha na kurudi, wakizaa na kulea, wakifanya kazi. Isitoshe, elimu yao ilikuwa imewafaa watoto wao pia.

Fundisho lake ni wazi. Mpango uliopimwa baada ya miaka minne ulionekana kuwa hasara. Ulipopimwa baada ya miaka 30 ulionekana kuwa neema. Kwa hiyo anayechagua siku ya kupima, kwa kiasi fulani, amekwisha kuchagua jibu. Tathmini haina budi kueleza si tu ilipima nini, bali pia ilipima lini, na kwa faida ya nani.

USHAHIDI WA MWANDISHI DHIDI YAKE MWENYEWE

Kabla ya kurudi nyumbani nina la kukiri. Nilipokuwa ng'ambo nilifanya kazi ya ukufunzi katika kituo cha usomaji cha chuo kimoja. Kila mwanafunzi aliyeingia aliandika jina lake katika daftari, na sisi tukaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwishoni mwa mwaka saa hizo zilijumlishwa, zikachorewa michoro, zikaambatanishwa na maneno ya shukrani yaliyochaguliwa kutoka katika hojaji. Niliombwa niandike sehemu moja ya ripoti hiyo, nikaiandika, nikatia sahihi. Nilijua kwamba baadhi ya saa zile zilikuwa za vijana waliokuja kujikinga na baridi. Nilijua pia kwamba waliokuja mara moja wasirudi tena hawakuulizwa neno, kwa sababu hojaji iligawiwa wale waliokuwapo. Sikusema. Kituo kilikuwa na watu wema, fedha zilikuwa zinatakiwa, nami nilikuwa mgeni.

Siwalaumu wenzangu wa siku hizo kuliko ninavyojilaumu. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ripoti za uongo huandikwa kwa nadra na watu waongo. Aghalabu huandikwa na watu wanaokipenda wanachokifanya na wanaoogopa kitafungwa.

HALI YETU NYUMBANI

Mwanafunzi wa Kenya huingia chuo kikuu akiwa amepitia lugha tatu au zaidi: lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, vitabu anavyovikuta maktabani karibu vyote ni vya Kiingereza. Vyuo vyetu vingi vimejaribu kulitatua tatizo hili kwa kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, inayofundishwa aghalabu kwa mamia ya wanafunzi ukumbini. Humo mwanafunzi huelezwa tofauti ya kusoma kwa kupitia juu juu na kusoma kwa kina. Kisha hutahiniwa kwa kuulizwa ataje tofauti hizo. Anafaulu mtihani wa kuhusu kusoma bila kuombwa asome.

Katika idara za Kiswahili kuna ajabu zaidi. Mwanafunzi wetu husoma fonolojia, sintaksia na historia ya lugha kwa Kiingereza, kisha huja kujibu mtihani kwa Kiswahili. Ni msomaji wa lugha moja na mwandishi wa lugha nyingine, na kuvuka kati ya hizo mbili tumemwachia peke yake usiku.

Miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimamia kikundi kidogo cha usomaji katika idara ninamofundisha. Hukutana mara moja kwa juma, kikiongozwa na mwanafunzi wa mwaka wa nne. Jioni moja aliingia msichana wa mwaka wa pili akiwa na sura iliyonakiliwa kutoka katika kitabu cha Derek Nurse na Thomas Spear cha mwaka 1985 kuhusu historia ya Waswahili. Alikuwa amepiga mstari chini ya karibu kila sentensi. "Mwalimu," aliniambia, "nimeisoma mara tatu." Katika insha yake alikuwa ameandika kwamba, kwa maoni ya waandishi hao, Waswahili na ustaarabu wao wametokana na Waarabu. Wenzangu wanaokijua kitabu hicho watashtuka, kwa maana waandishi hao wanayaeleza maoni hayo ili wayapinge.

Yule mwelekezi hakumwambia kwamba amekosea. Aliweka kidole kwenye aya moja akamuuliza kwa Kiswahili, "Hapa anayesema ni nani? Ni mwandishi mwenyewe, au ni yule anayebishana naye?" Msichana alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuandika pembeni kwa penseli: huyu, yule, yule, huyu. Alipofika mwisho alicheka kwa sauti. Alikuwa amegundua kwamba ndani ya sura moja kuna watu wawili wanaozungumza.

Nadhani hilo ndilo tukio kubwa zaidi la usomaji nililowahi kulishuhudia, na hakuna tathmini niliyowahi kuiona ambayo ingeweza kulinasa. Daftari la mahudhurio lingeandika saa moja. Maswali ya kuchagua jibu yangempa alama nzuri hata kabla ya kuingia chumbani, kwa kuwa miaka na majina yote aliyajua.

HATARI YA NGAZI

Hata hivyo, mhakiki hana ruhusa ya kuchagua tukio moja zuri akalifanya kuwa hoja. Katika kikundi hichohicho wapo waliokuja kila juma kwa sababu nyingine. Walikuja ili wahadithiwe sura. Mwelekezi, na mara nyingine mimi mwenyewe, tuliwaeleza kwa Kiswahili fasaha kila kilichomo kitabuni, wakaandika, wakashukuru, wakaenda. Alama zao zilipanda. Siku moja niliwapa sura ambayo haikuwa imeelezwa na mtu yeyote, nikakuta hawana hata pa kuanzia. Hapo ndipo nilipoiona hatari ya darsa nililolisifu hapo juu. Msikilizaji wa darsa aweza kuketi mkekani miaka 20 na kutoka akiwa na elimu nyingi bila kuweza kukifungua kitabu peke yake. Si aibu kwake, kwa sababu darsa halikuahidi jambo hilo. Mpango wetu umeliahidi. Ngazi isiyoondolewa hugeuka mkongojo.

Kwa sababu hii siwezi kukubaliana moja kwa moja na wale wenzetu wanaodai kwamba maelezo ya Kiswahili peke yake yatamwokoa mwanafunzi. Wala siwezi kukubaliana na wale wanaoyapiga marufuku kwa hofu kwamba yataharibu Kiingereza chake. Pande zote mbili zinazungumza bila kupima. Tofauti kati ya swali la yule mwelekezi na hadithi zangu haikuwa ya lugha, maana yote mawili yalikuwa ya Kiswahili. Swali lilimrudisha msomaji kitabuni, hadithi ilimwondoa.

VIPIMO VINAVYOPENDEKEZWA

Ni rahisi kubomoa. Ningependa kupendekeza vipimo vitano ambavyo idara yoyote yaweza kuvitumia bila fedha nyingi.

Kwanza, kitu kinachopimwa kiwe usomaji wenyewe. Mwanafunzi apewe sura halisi ya somo lake, ambayo haijafundishwa, na aombwe aandike kwa lugha anayoiweza zaidi: sura inahusu nini, mwandishi anabishana na nani, na ni wapi msomaji hakubaliani naye. Apimwe hivyo mwanzoni, mwishoni, na tena mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Kipimo hiki cha tatu ndicho kitakachotenga ngazi na mkongojo.

Pili, tujihadhari na furaha ya waliokuwa chini. Wanafunzi waliochaguliwa kwa sababu walipata alama mbaya siku moja, wapo kati yao waliokuwa wagonjwa, waliokosa usingizi au waliokumbwa na swali baya. Wakipimwa tena, wastani wao utapanda hata kama hawakufundishwa lolote. Kupanda huko hakuwezi kuhesabiwa kuwa kazi yetu mpaka kulinganishwe na kundi jingine la waliokuwa chini vilevile.

Tatu, kundi hilo la kulinganisha litoke miongoni mwa waliotaka wasipate. Nafasi zinapokuwa chache, na kwetu daima ni chache, zipigiwe kura. Huo ni uadilifu kwa wanafunzi, na ni mzani kwa mtathmini.

Nne, watafutwe walioacha kuja, waulizwe kwa nini. Yule aliyekuja mara moja akatoweka anajua jambo kuhusu mpango wetu ambalo wale waaminifu hawalijui.

Tano, na hili huenda likatuudhi, mhadhiri naye apimwe. Iulizwe orodha yake ya vitabu ina vingapi ambavyo maktaba inavyo, na kama amewahi kumweleza mwanafunzi anasoma sura fulani kwa kusudi gani. Perry aligundua kwamba wanafunzi wake walisoma bila kusudi. Lakini walikuwa wametiishwa hivyo na watu, na watu hao walikuwa walimu.

HITIMISHO

Lengo la makala haya halikuwa kuikejeli mipango ya usomaji. Anayefanya kazi ya kumwonyesha kijana jinsi ya kukishika kitabu anafanya kazi yenye heshima kuliko nyingi tunazozifanya chuoni. Lengo lilikuwa kusema kwamba kazi hiyo inastahili kipimo kinacholingana nayo, na kwamba sisi wanalugha, tuliofunzwa kutofautisha anachokisema mwandishi na anachokinukuu, tunayo stadi ya kukitunga kipimo hicho kuliko wahasibu tuliowaachia.

Mwishoni mwa mwaka huu idara ninamofundisha itaamua kama wanafunzi waelekezi waendelee kulipwa. Nimeombwa ripoti. Daftari la mahudhurio ninalo, na limejaa. Kwa daftari hilo peke yake ningeweza kushinda. Sitalipeleka peke yake. Nitapeleka pia karatasi za wale niliowahadithia wakashindwa, pamoja na sura moja iliyoandikwa pembeni kwa penseli: huyu, yule, yule, huyu. Yamkini tutapoteza chumba. Lakini wenzangu watakaoamua watakuwa wamesoma, na hilo ndilo tulilokuwa tunawafundisha wengine.